Plato Nne za Papa Honoré

Nasema mapema ili baadaye tusigombane: kosa halikuwa langu. Halikuwa la Isidore mhunzi, wala la shangazi Godelive, ingawa yule mama angeweza kuuliza kabla ya kubeba. Kosa lilikuwa la neno. Neno moja likibebeshwa vitu viwili, siku moja litaviangusha vyote, tena mbele ya wakwe.

Mimi ni Marcellin, fundi wa magari, Kadutu, Bukavu. Ninayosimulia yalitokea mwaka wa 1981. Majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa na serikali karibu miaka kumi nyuma, na katika kitambulisho changu nilikuwa na jina la babu yangu, lakini gereji si ofisi, na kila mtu aliniita Marcellin. Hata gari la Papa Honoré lilibadilishwa jina. Lilikuwa Peugeot 403 la rangi ya majivu, alilolinunua mwaka wa sitini kwa Mbelgiji aliyekuwa na haraka, akaliita Adèle. Amri ya majina ilipotoka, alikuja gereji akaninong'oneza, kana kwamba kuna askari chini ya boneti, kwamba tangu siku ile gari linaitwa Nabintu. Alikuwa karani wa serikali, na karani haogopi kitu kama barua kutoka juu.

Basi wiki mbili kabla ya harusi ya binti yake Colombe, Nabintu aliingia gereji kwangu kwa vishindo. Papa Honoré alilisimamisha gari kwa kulikwaruza kwenye mtaro, kisha kwenye rundo la matairi yangu, akashuka akinyoosha abakosti yake, ile suti isiyo na tai, kama mtu aliyeegesha vizuri.

"Freni inaenda chini kidogo," akasema.

Kidogo! Nilipandisha gari kwa kriki, nikatoa magurudumu, nikavua ngoma za freni. Nyuma ya kila ngoma kuna sahani nene ya chuma, ya mviringo, inayoshikilia vyombo vyote vya kulisimamisha gurudumu. Sisi mafundi tunaiita plato. Mvua za Bukavu zilikuwa zimezila plato zote nne. Nilisukuma bisibisi kwenye moja ikatokea upande wa pili bila hata kusema hodi. Mtu akikanyaga freni, plato inapinda, mafuta yanasukuma hewa, na gari linaendelea na safari zake.

"Papa Honoré," nikasema, "hii gari haina freni. Iko na suveniri tu, kumbukumbu ya freni."

"Siku ya posho, ile Jumamosi ya harusi, ninapashwa kushuka nayo mpaka kanisani."

"Kushuka utashuka. Kusimama njo shida."

Hakucheka. Nami nikaacha kucheka, maana nilijua habari yenyewe. Kadutu nzima iliijua. Baba wa bwana harusi alikuwa Théodore, mwenye malori sita ya barabara ya Shabunda na Mercedes nyeupe ya Jumapili, na alikuwa ametuma ujumbe kwa heshima kwamba Mercedes ingekuja kumchukua bibi harusi. Papa Honoré alijibu kwa barua, kwa Kifaransa, kurasa mbili, kwamba asante, hapana.

"Colombe nimemupeleka kila pahali na hii gari," akaniambia, mkono juu ya boneti. "Ku masomo, ku hopitali, ku katekisimu. Fasi ya mwisho, apelekwe na Mercedes ya batu?"

"Na kama haiko tayari?"

"Kama haiko tayari, atapanda Mercedes. Na mi nitafuata na miguu." Alikuwa mtu mwenye kiburi, Papa Honoré, hakuwahi kumwomba jirani hata chumvi, na nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Nikamwambia gari litakuwa tayari.

Plato mpya za 403 hazikuwepo Bukavu, wala popote ambapo dereva yeyote aliwahi kufika. Nikazipeleka zile zilizooza kwa Isidore, mhunzi wa Kasha. Isidore alikuwa na kipande kikubwa cha chuma cha boti lililofia ufukoni, akapima, akakata, akatoboa matundu yote mahali pake. Kazi safi. Lakini Isidore ana ugonjwa mmoja: hawezi kuacha kitu bila kukipamba. Alizipaka rangi ya fedha zikametameta, na kuzunguka ukingo akagonga vimaua vidogo kwa nyundo.

"Isidore, hizi zinakaa nyuma ya gurudumu. Nani ataona maua?"

"Gurudumu litaona," akajibu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Alasiri ya siku hiyo familia ya Papa Honoré ilikuwa inapeleka vyombo vya bibi harusi kwa wakwe, na kamioneti yangu ndiyo iliyokodiwa kwa kubeba. Ili kupata nafasi nilishusha vyangu vyote kwenye baraza la Papa Honoré, na kifurushi cha Isidore kikiwemo, kimefungwa kwa magazeti na kamba ya migomba. Dada mkubwa wa Papa Honoré, shangazi Godelive, alisimama mlangoni akiamuru watu kama koplo.

"Hii ni nini?"

"Plato ine ya Papa Honoré," nikasema. "Hapana fungua, rangi haiyakauka muzuri."

Nilisema kweli tupu. Sasa ningejuaje kwamba barazani hapo hapo kulikuwa na kifurushi kingine, kimefungwa kwa magazeti vilevile, chenye plato nne za kuandalia chakula, za bati, zenye mawaridi mekundu, zawadi kwa mama wa bwana harusi? Shangazi Godelive alivikuta vifurushi viwili vya plato nne nne. Akavipima kwa mkono. Akachukua kilicho kizito, kwa sababu, alinieleza baadaye bila aibu yoyote, kwa wakwe hupeleki kitu chepesi.

Kwa Théodore, mtaa wa Muhumba, viti vilikuwa vimepangwa uani mpaka ukingoni mwa ziwa. Vyombo vilitolewa kimoja kimoja, na kila kimoja kilipigiwa vigelegele: sufuria, kinu, mabeseni, mablanketi. Mwishoni shangazi Godelive akasimama na kifurushi.

"Na hizi ni plato za maman Monique, mama mukwe wa mutoto yetu! Aandalie nazo bageni mpaka uzee!"

Akakata kamba. Magazeti yakafunguka.

Nilizitambua kama mtu anavyomtambua mtoto wake jukwaani bila suruali. Zilimetameta kwenye jua, na tundu kubwa katikati, na matundu madogo pembeni, na vimaua vya Isidore. Vigelegele vilianza upande wa kushoto vikafa kabla ya kufika kulia. Maman Monique alipokea moja kwa mikono miwili, mikono ikashuka kwa uzito. Akamchungulia shangazi Godelive kupitia tundu la katikati.

Nilimtazama Papa Honoré. Macho yalikuwa yamemtoka pima.

Théodore akainuka. Mtu mwenye malori sita hahitaji kuambiwa plato ya freni ni nini. Akaichukua ile ya mke wake, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye matundu. Akamtazama Papa Honoré usoni. Kisha akageukia watu.

"Bandugu," akasema, "mi niko mutu wa barabara. Nimeona kamio ya nguvu, na injini ya nguvu, na shofere wa nguvu, imeanguka mu bonde. Juu ya nini? Juu ya kukosa freni. Leo kila mutu analeta bitu ya kula. Mukwe wangu Honoré, mutu wa akili, analeta plato ya freni! Anaambia batoto yetu: ndoa haiko kukimbia tu. Ndoa ni kujua kusimama!"

Ua mzima ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka ziwani. Katekista mmoja aliomba kalamu ili aandike yale maneno. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuja mmoja mmoja kumshika Papa Honoré mkono, wakisema hawajawahi kuona zawadi yenye hekima namna hiyo. Naye, nakuapia, kwa mkono wa kwanza alikuwa bado kijivu, kwa mkono wa tatu akaanza kuitikia kwa kichwa, na kwa mkono wa tano alikuwa ameinamisha kichwa pembeni kama mtu aliyefikiria jambo hilo mwaka mzima.

Nikamvuta kwa mkono wa abakosti. "Papa Honoré, plato yetu!"

"Nyamaza, Marcellin," akasema akitabasamu kwa watu. "Nyamaza kwanza."

Ijumaa asubuhi alikuja gereji kwa miguu. Kifurushi cha pili, nilichokiokota barazani nikirudi, kilikuwa mezani pangu, wazi, mawaridi manne mekundu yakitutazama. Nabintu alikuwa juu ya mawe bila gurudumu hata moja.

"Isidore hawezi kutengeneza zingine?"

"Anaweza. Wiki ijayo. Na chuma kimeisha."

Akachukua plato ya waridi, akaiweka kwenye ekseli, akarudi nyuma kutazama. Nilikasirika. Nikaibonyeza kwa kidole gumba ikalia *tink* na kubonyea, waridi likakunja uso.

"Unaona? Hii inabebaka chai. Haibebi gari."

"Basi enda weye kuzichukua. Sema zinapashwa kupigwa rangi tena."

"Mi? Wanakusifu weye, nihukumiwe mi?"

Lakini nilienda, maana gari nililoahidi ni gari nililoahidi. Muhumba nilimkuta maman Monique sebuleni. Plato tatu zilikuwa zimetundikwa ukutani kwa misumari, juu ya redio. Ya nne ilikuwa mezani, imejaa sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na wageni watano wameizunguka. Mafuta yalikuwa yakichuruzika kupitia matundu juu ya kitambaa cheupe. Sambaza mmoja mmoja walikuwa wakidondokea tundu la katikati, na kila alipodondoka, wageni walitazama dari kwa adabu.

"Maman Monique," nikaanza, "hizi plato... rangi yake..."

"Papa Marcellin, uwambie mukwe kama tunafurahi sana," akasema, akiweka sahani nyingine chini ya plato kuwapokea sambaza. "Godelive amenielezea. Matundu ni ya kuchuja mafuta. Iko moderne."

Nilirudi mikono mitupu, ila tumboni nilikuwa na sambaza saba. Saa nne ilikuwa imeshapita.

"Papa Honoré," nikamwambia, "mficha uchi hazai. Ama unashuka weye mwenyewe kwa Théodore, unamwambia ukweli, na kesho unamupeleka Colombe. Ama unabaki mutu wa hekima, na kesho unafuata Mercedes na miguu. Chagua."

Akaketi kwenye tairi. Alisema wazee wale hawajawahi kumshika mkono hata siku moja kabla ya jana. Alisema miaka ishirini na mitano ofisini, hakuna aliyewahi kuomba kalamu ili aandike maneno yake. Nilimkumbusha kwamba maneno yalikuwa ya Théodore. Akasema anajua, na hicho ndicho kinachouma. Kisha akainuka, akafunga vifungo vya abakosti mpaka shingoni, akashuka mlima kwa miguu huku mimi nikimfuata na plato za waridi kichwani.

Théodore alitupokea uani, karibu na maji. Papa Honoré hakuketi.

"Mukwe," akasema, "nimekuya kukuambia bubaya. Ile haikuwa hekima. Ile ilikuwa makosa. Plato ni za gari yangu. Haina freni, na mi nataka kumupeleka mutoto yangu mi mwenyewe. Nimekubali munisifu juu ya kitu sikufanya. Nasikia haya sana." Nikatazama ziwa, maana si kila kitu ni cha kutazamwa.

Théodore alikuna kidevu.

"Plato ya quatre cent trois, ile Peugeot yako," akasema, "mi niikose? Jana niliona uso yako, nikajua. Nikatafuta maneno haraka haraka. Usiku sikulala, najiuliza: atakuja, hatakuja?"

"Sasa kwa nini haukuzirudisha?"

"Mukwe! Kurudisha zawadi ni kurudisha mutoto! Ningezirudisha, batu bangesema nimemukataa Colombe. Zawadi inatoka hapa na mukono yako weye tu."

Basi walisimama wote wawili, wanaume wazima, kila mmoja akimwogopa mwenzake tangu jana juu ya vipande vinne vya boti bovu. Nilitaka kuwagonganisha vichwa. Badala yake niliingia ndani na plato za waridi. Maman Monique alipoziona hazina tundu alizikumbatia kifuani, akang'oa zile tatu ukutani mwenyewe kwa kisu, na sambaza wa ile ya nne akawamwaga bakulini kabla sijamaliza salamu.

Tulizifunga alasiri hiyo, mimi na Papa Honoré, abakosti imetundikwa kwenye mlango wa gereji. Zilikaa mahali pake kama zilizaliwa pale. Isidore ana kasoro zake lakini mkono wake haukosei. Nikarudisha vyombo, nikakaza boliti, nikatoa hewa kwenye mafuta huku yeye akikanyaga na kuachia nilivyomwambia. Freni ikashika juu, ngumu. Tatizo likabaki moja. Ile plato ya nne niliiosha kwa petroli mara tatu, lakini mafuta yalikuwa yameingia katika vimaua vya Isidore, na kila gurudumu lile lilipopata moto, lilinuka sambaza.

Jumamosi Nabintu alitoka Kadutu amefungwa riboni nyeupe. Papa Honoré aliendesha, mimi nilikaa mbele kama daktari wa mgonjwa, Colombe nyuma na shela lake limejaza kiti chote. Bukavu haina barabara isiyotaka kwenda ziwani, na ile ya kushuka kutoka Kadutu ndiyo mbaya kuliko zote. Papa Honoré alifunga freni kwenye kona ya kwanza. Gari likatii. Akafunga kabla ya kona ya pili. Akafunga mahali ambapo hapakuwa na kona. Akafunga kwa ajili ya kuku, kisha kwa ajili ya kivuli cha kuku. Harufu ya samaki wa kukaanga ilijaa gari, na paka wawili walitusindikiza kwa matumaini mpaka Nyawera.

"Papa, freni haiko muzuri?" Colombe akauliza.

"Iko muzuri sana."

"Sasa mbona unafunga kila fasi?"

Akafunga tena. Watu waliokwenda kwa miguu walitupita. Mwanamke mwenye beseni la viazi alitupita, akageuka, akatupungia mkono. Nilimtazama Papa Honoré na kuona machozi yanashuka moja kwa moja mpaka kwenye kola, na hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemtengenezea freni kupita kiasi. Alikuwa na njia ya kumfikisha mtoto wake, na hakutaka kufika.

Lakini hata kwa mwendo wa viazi, mtu hufika. Mbele ya kanisa Mercedes ya Théodore ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko, nasi tukasimama nyuma yake, hatua moja hivi. Papa Honoré akazima injini. Padri alikuwa mlangoni, wakwe wamejipanga, shangazi Godelive amekwisha kuanza wimbo. Hakuna aliyeshuka. Mguu wa Papa Honoré ulikuwa bado juu ya freni, goti limekaza, mikono miwili kwenye usukani.

"Papa, tumefika."

"Najua."

Colombe akasogeza shela, akaweka mkono wenye glavu nyeupe juu ya bega la baba yake.

"Papa," akasema polepole, "achilia freni."

Akaachilia.

Kuhusu freni ya mkono: hakuna aliyeniambia nivute, na dereva sikuwa mimi. Nabintu akateremka ile hatua moja taratibu kabisa, akaipiga Mercedes kwenye bampa, *gooong*, kama kengele ya misa. Wimbo ukakatika. Watu wote wakageuka.

Théodore alishuka ngazi. Akaitazama Mercedes, akainama akalitazama bampa lililobonyea, akanusa hewa ya sambaza. Akaja mpaka dirishani kwa Papa Honoré.

"Mukwe," akasema, "nani alikuambia uachilie freni?"

Papa Honoré alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kamasi na yote, mbele ya wazee wale wale waliomshika mkono. Akageuka akamnyooshea kidole binti yake.

"Ni yeye," akasema. "Ni mutoto njo amesema."